Gauni jeusi, shati jeupe na doti mbili za kanga: nilivyovaa mwaka mzima baada ya mafuriko

Maji yaliingia chumbani kwangu Kigogo, Dar es Salaam, usiku wa saa nane, masika ya Aprili 2018. Nilikuwa nimelala. Nilipotia mguu chini nikakanyaga maji ya kifundoni, na kabla sijapata simu yangu yalikuwa yamefika magotini. Wenyeji wa bonde la Msimbazi wanajua maji yale yanavyokuja: hayana haraka ya kelele, yanapanda tu. Nilitoka na dera nililolalia, kanga begani, simu na kitambulisho.

Asubuhi ya siku ya pili nilirudi. Kabati langu la zipu, yale ya kitambaa na vyuma vyembamba, lilikuwa limelala kifudifudi kwenye tope. Nguo za miaka minne zilikuwa mle. Nilizifua mara tatu, nne. Tope la Msimbazi lina mafuta na harufu ambayo sabuni haiiwezi, na madoa yake ni ya kijivu yasiyotoka. Nilizitupa nikilia. Naandika hili kwa sababu watu wengi walinipa pole ya godoro na redio, lakini kilichonitoa machozi ni nguo. Jumatatu nilitakiwa kukaa mapokezi, mtu wa kwanza anayeonekana na kila mgeni anayeingia ofisini.

Vilivyosalia ni vile vilivyokuwa juu ya msumari na kimoja kilichokuwa kwa fundi. Msumarini: shati jeupe la pamba, jinzi ya bluu iliyokolea ikiwa na mkanda wake wa ngozi wa kahawia, na mkoba wa kahawia. Kwa fundi: gauni jeusi lisilo na mikono, linalofika chini kidogo ya goti, nililopeleka kubadilishwa zipu kwa shilingi 3,000. Ukiongeza na dera na kanga nilivyotoka navyo, hiyo ndiyo ilikuwa mali yangu yote ya kuvaa.

Kaka yangu alinilipia kodi ya chumba kingine Magomeni, miezi sita kwa mkupuo kama wenye nyumba wa Dar wanavyotaka, 360,000. Mimi nikakopa VICOBA, kikundi cha kuweka na kukopa, 300,000 kwa riba ya asilimia 10, nirudishe kwa miezi mitatu. Mshahara wangu ulikuwa 380,000. Kila mwezi 110,000 ilikuwa inatoka kabla sijala.

Laki moja ikanunua godoro. Laki mbili zilizobaki nilizimaliza soko la mitumba la Karume, Ilala, Jumamosi moja, kati ya saa mbili asubuhi na saa saba mchana. Nilikuwa na hofu, na hofu ndiyo iliyonunua. Kila nguo nzuri niliyoiona niliiona peke yake. Blauzi tano za 6,000, suruali tatu za 12,000, sketi mbili za 8,000, magauni mawili ya 15,000, koti la 20,000, viatu jozi mbili za 25,000, na hereni na cheni za 18,000. Niliporudi nyumbani na mifuko nilipata raha ya siku mbili. Jumatatu asubuhi nikasimama mbele ya kitanda nikakuta blauzi ya maua ya zambarau haiendi na suruali ya kijani, suruali ya mistari haiendi na kitu chochote, na viatu vyekundu vya kuchuchumia vinadai gauni ambalo sina. Nguo kumi na tatu mpya, nami nikavaa gauni jeusi la zamani. Jumanne nikavaa shati jeupe. Jumatano nikarudia gauni jeusi, na mwenzangu mmoja akaniuliza kwa upole kama nimepata nafasi ya kununua chochote.

Hereni na cheni ziligeuka nyeusi ndani ya wiki mbili. Joto la Dar na jasho la kwenye daladala havina huruma na vitu vya kupakwa rangi ya dhahabu, na masikio yangu yalivimba. Hiyo 18,000 ningenunua jozi moja ya hereni za fedha, ndogo, nikavaa kila siku. Ndivyo nilivyofanya baadaye, na bado ninazo.

Idd el Fitri ilipofika, katikati ya Juni, nilikwenda Tanga kwa shangazi yangu, Chumbageni. Nilibeba nguo zote kwa sababu sikujua nivae ipi. Usiku wa kuamkia Idd akanikuta nimezitandaza, nimekaa pembeni.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Mbona soko lote liko kitandani?"

Nikamweleza. Akakaa, akachukua blauzi ya kwanza, akainyanyua. "Hii unaivaa na nini?" Nikataja suruali. "Na nini kingine?" Nikanyamaza. Akaiweka sakafuni. Akachukua ya pili. Aliniuliza swali hilohilo kwa kila nguo, bila kunigombeza, na kila nilipokosa majibu matatu nguo ilikwenda chini. Alipofika kwenye gauni jeusi nilianza kutaja sikumaliza: na shati, na koti, na mkanda, na kanga. Likabaki kitandani. Tulipomaliza, katika zile kumi na tatu za Karume zilibaki nne: suruali nyeusi, blauzi ya rangi ya mchanga, sketi ya kahawia na lile koti, nalo la kahawia. Pamoja na gauni, shati na jinzi, nguo saba.

Zile tisa za sakafuni zilikuwa zimenigharimu 86,000. Nilikuja kuziuza kwa majirani na wafanyakazi wenzangu, nikapata 31,000. Viatu vyekundu nilivitoa bure kwa binti wa jirani aliyekuwa anakwenda kwenye harusi. Vile vya kahawia vya chini nikabaki navyo.

Kisha shangazi akafungua sanduku lake akanitolea doti mbili. Moja ilikuwa kisutu, kanga ile ya nyekundu, nyeusi na nyeupe ambayo huku pwani maharusi huvaa tangu zamani. Ya pili ilikuwa ya bluu na njano, yenye jina "Hasidi hana sababu". Alichagua kisutu kwa macho, nikiwa nimeduwaa: rangi zake mbili zilikuwa ndizo za gauni langu na shati langu, ya tatu ndiyo niliyokuwa ninaikosa.

Kwa wasiozoea: kanga huuzwa kwa doti, yaani vipande viwili vilivyoungana, na kila kipande kina urefu wa kama mita moja na nusu na upana wa mita moja na kidogo. Pembeni pande zote kuna pindo, katikati mji, na chini ya mji ndipo jina linapoandikwa. Ukishainunua unaikata katikati na kuikunja kingo kwa fundi. Kanga mpya ina gundi, ni ngumu kama karatasi, na fundo halishiki. Iloweke, ifue, ndipo ujifunge. Mimi kisutu nilikifua pamoja na shati jeupe kwa haraka ya safari. Shati likatoka na wingu la waridi mgongoni. Nilililoweka kwenye maji ya moto na dawa ya kufanyia nguo kuwa nyeupe mpaka likarudi, lakini kola yake haijawahi kuwa vilevile. Kanga nyekundu ifue peke yake mara tatu au nne, mpaka maji yatoke safi. Watu husema utie chumvi. Sikuona chumvi ikizuia kitu.

Siku tatu zile za Idd, shangazi alinifundisha kufunga. Nilidhani najua, kwa kuwa hakuna mwanamke wa Tanga asiyejua kujifunga kanga ya kuogea. Kumbe kuna kufunga kwa kujistiri na kufunga kwa kuvaa.

Hii ya sketi ndiyo iliyonisaidia kuliko zote, kwa hiyo nitaieleza taratibu. Vaa gauni lako jeusi. Shika kanga kwa urefu wake, jina likiwa chini. Kunja ukingo wa juu kwa ndani kama upana wa kiganja, ili kiunoni pawe na unene wa kushika fundo. Ipitishe nyuma, ncha mbili zije mbele, na ya kulia iwe ndefu zaidi. Ile fupi ibane kwenye nyonga ya kulia, ile ndefu ipitishe juu yake mpaka nyonga ya kushoto. Sasa, kabla ya kuibana, ivute juu kidogo kwa mshazari. Hapo ndipo pindo la mbele linapanda na kuanguka kama wimbi badala ya kuning'inia kama pazia. Chomeka, kisha vaa mkanda wa ngozi juu yake. Mtu atakayekuona ataona blauzi nyeusi na sketi ya kisutu. Hatajua kwamba ndani ni gauni lilelile la jana.

Na mkanda usiuache. Wiki ya kwanza niliyorudi Dar niliiamini fundo peke yake. Gauni langu ni la kitambaa cha kuteleza, na pamba juu ya kitambaa cha kuteleza haikai. Niliposhuka kwenye basi la mwendokasi Posta, katikati ya msongamano, mtu alikanyaga ncha na kanga ikabaki mlangoni. Nilikuwa nimevaa gauni, sikuwa uchi, lakini nilitetemeka mpaka ofisini. Jioni ile nikaenda kwa fundi akaishonea kamba mbili za kufungia ndani, kwa 2,000. Anayepanda usafiri wa umma asivae kanga ya kiunoni bila kamba au pini mbili.

Kuanzia hapo nilianza kuhesabu. Nilikuwa na daftari la mkopo. Upande wa nyuma nikaandika kila siku nilivyovaa. Gauni jeusi lenyewe, na mkanda, na viatu vya chini. Gauni na shati juu yake, vifungo wazi, ncha zake zimefungwa fundo kiunoni: inaonekana kama sketi nyeusi na blauzi nyeupe. Shati ndani ya gauni, kola na mikono nje. Hiyo ya tatu ilinipa shida, kwani nyeusi na nyeupe zikikutana namna ile zinafanana na sare ya shule, na mgeni mmoja aliniuliza kama niko mafunzoni. Dawa yake ilikuwa rangi moja tu karibu na uso: kipande cha kitenge shingoni, au kilemba.

Kitenge hicho kina maelezo yake. Fundi aliyekuwa ananikunjia kanga alikuwa na mabaki ya kitenge, vipande ambavyo hutupwa au huuzwa kwa bei ya chai. Nilinunua vitatu kwa 1,500. Nikamwomba akate mkanda wa urefu wa mita mbili na upana wa kama sentimita 15, aushone pande mbili. Sina kitu nilichokitumia zaidi ya kile. Kiunoni mwa gauni, mizunguko miwili na fundo pembeni. Kichwani kwa siku ambazo nywele hazijasukwa. Shingoni, umefichwa ndani ya kola ya shati, ncha zikichungulia. Kwenye mshikio wa mkoba wa kahawia, siku ambazo nguo zote ni za rangi tulivu. Kwenye jinzi badala ya mkanda wa ngozi, Jumamosi. Kitenge ni kizito kuliko kanga, kinashika umbo, ndiyo maana fundo lake linasimama.

Kanga yenyewe, kipande cha pili cha kisutu, nilikitumia juu. Kujitanda kama ushungi nilipokwenda msibani. Kama skafu kubwa juu ya koti kwenye chumba cha mikutano chenye kiyoyozi kikali. Kukitupia bega moja, kikapita chini ya mkanda mbele na nyuma, juu ya suruali nyeusi na blauzi ya mchanga. Hivyo nilivaa kwenye kitchen party ya rafiki yangu, Agosti, ambako sare ilikuwa 65,000 na sikuwa nayo. Niliogopa mno kwenda bila sare. Nilimpigia bibi harusi mapema, nikamwambia ukweli kwamba ndiyo kwanza namaliza mkopo na sitaweza kushona. Alinijibu njoo ulivyo. Nilikwenda na kisutu changu, na wanawake wawili wa makamo walinishika mkono wakaniuliza nani kanifunga. Nakushauri upige hiyo simu. Mimi kabla ya mafuriko nilikuwa nashona sare nne, tano kwa mwaka, kila moja inavaliwa siku moja. Zote zilikuwa kwenye lile kabati la zipu.

Kosa langu kubwa lilikuwa la doti ya pili. Siku moja Septemba nilivaa kilemba cha ile ya bluu na njano, na shati jeupe na sketi ya kahawia. Nilijipenda kwenye kioo. Sikuangalia kwamba jina lilikuwa limetokea mbele kabisa, juu ya paji la uso: "Hasidi hana sababu". Dada mmoja wa uhasibu, ambaye wiki iliyotangulia tulikuwa tumepishana maneno kuhusu malipo ya safari, alilisoma mara moja. Hakusema kitu mchana ule. Kesho yake hakuitikia salamu yangu, wala keshokutwa. Ilinichukua siku tisa kujua sababu, na niliambiwa na mtu mwingine. Nikamwendea, nikamwomba radhi mbele ya mezani pake, nikamweleza kwamba sikumkusudia. Aliniuliza, "Dada, wewe mtu wa Tanga, utaniambia hujui kanga inasema?" Sikuwa na jibu, kwa kuwa alisema kweli. Kanga inasema hata kama aliyeivaa amenyamaza, na mimi nimekua nikiwaona wakubwa wakijibizana kwa kanga bila kufungua mdomo.

Tangu siku ile, ofisini jina linaingia ndani. Ukikunja kilemba, anza na upande wa jina, ukunje kuelekea mji mara mbili, ndipo uzungushe. Kiunoni, kunja chini badala ya juu, au geuza kanga jina liwe kiunoni chini ya mkanda. Na ukinunua kanga ya kuvaa kazini, soma kwanza. Zipo nyingi zenye dua na shukrani.

Mkopo niliumaliza mwisho wa Julai. Nilijiwekea kurudi Karume mara moja kwa mwezi na 15,000 tu mfukoni, na safari hii nilikwenda nikiwa nimevaa taiti na fulana ya kubana ili nijaribu nguo juu yake palepale bila aibu. Nilijifunza kuangalia kwapa kabla ya bei, kwa sababu kwapa likishakuwa gumu au la manjano hakuna sabuni itakayolirudisha. Nainua nguo kwenye mwanga nione kama imechakaa matakoni na magotini. Navuta zipu mara tatu. Nageuza ndani nione kama kuna kitambaa cha ziada kwenye mshono, maana fundi hawezi kupanua pasipo na kitu. Wauzaji watakuhimiza, watakwambia dada hii imetoka kwenye belo la leo, grade ya kwanza. Wanafanya kazi yao. Mimi naishika nguo mkononi, najiuliza lile swali la shangazi, na mara nyingi nairudisha. Kwa miezi mitano niliyokwenda nilinunua vitu vinne: shati la bluu la mistari, fulana nyeusi, sketi ndefu nyeupe, na mkanda mweusi.

Kwenye kufua na kupiga pasi sikubania. Nguo chache zinavaliwa mara nyingi na kila mkunjo unaonekana. Gauni nililifua kila baada ya kulivaa, usiku, kwa mkono, likaanikwa kivulini ndani kwa sababu jua la Dar linachujua nyeusi kuwa kijani. Shati nililipiga pasi kola na mikono kwanza. Viatu nilivibadilisha soli kwa 5,000 mwezi wa Desemba, na ndivyo nilivyo navyo leo.

Daftari lile nililihesabu Aprili iliyofuata, mwaka ulipotimia. Gauni jeusi nilikuwa nimelivaa siku 94, kwa namna 23 ambazo nilizichora kwa kalamu. Nyingine hazikufaa: kanga ya kifuani juu ya shati ilinibana pumzi, na koti lenye mkanda wa kitenge juu lilinifanya nionekane nimefungwa kama mzigo. Niliziandika pia, nikazikata kwa mstari.

Hivi sasa kitambaa cha lile gauni kimeanza kung'aa mgongoni, pale kiti cha mapokezi kinapogusa. Wiki iliyopita nimelipeleka kwa fundi yuleyule. Atalifumua, alitandaze, akate lingine kwa vipimo vyake, kwa kitambaa cha pamba nzito nilichonunua Kariakoo mita mbili na nusu. Ameniuliza kama nataka mifuko. Nimemwambia mifuko miwili, na ndani kiunoni aniwekee vitanzi vya kupitishia kamba za kanga.